Kutoka 556 hadi 104: namba za afya ya jamii husomwaje?

Namba mbili zimetawala mazungumzo ya afya nchini Tanzania miaka ya karibuni: 556 na 104. Ya kwanza ilitoka kwenye Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa 2015-16. Maana yake ni kwamba kwa kila vizazi hai 100,000, wanawake 556 walipoteza maisha kwa sababu za ujauzito na uzazi. Ya pili ni kipimo hichohicho katika utafiti wa 2022. Ukiziweka pamoja, vifo vimepungua kwa asilimia 81. Ni habari kubwa. Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhiwa tuzo ya Goalkeepers ya taasisi ya Gates jijini Dar es Salaam, na punguzo hilo ndilo lililotajwa kuwa sababu.

Lakini mwaka 2023 mashirika ya Umoja wa Mataifa, WHO na UNICEF yakiwemo, yalichapisha makadirio yao ya vifo vya uzazi kwa kila nchi. Kwa Tanzania, mwaka 2020, waliandika 238. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya 104, na nchi ni ileile. Hapo wasomaji wengi huchagua upande: anayeipenda serikali hushika 104, asiyeipenda hushika 238, na mjadala unaishia kwenye siasa. Naona ni hasara kubwa, kwa sababu pengo hilo linaweza kutufundisha namna afya ya watu inavyopimwa, nini hupimika vizuri, na nini hakionekani kabisa.

Kuuliza habari za dada

Kama kila kifo kingesajiliwa na daktari akaandika chanzo chake, tusingekuwa na haja ya kukisia. Ungefungua daftari, ukahesabu. Tanzania bado haijafika huko. Watu wengi hufia nyumbani, huzikwa kijijini, na jina halifiki kwenye ofisi yoyote ya usajili. Ukihesabu vifo vya hospitali peke yake, unamkosa mama aliyefia njiani juu ya pikipiki, na unamkosa aliyetoka damu nyumbani siku ya kumi baada ya kujifungua.

Kwa hiyo watafiti huenda nyumba kwa nyumba. Mdadisi humwuliza mwanamke wa umri wa miaka 15 hadi 49 kuhusu ndugu zake wote waliozaliwa na mama mmoja naye. Yupi yu hai, yupi amefariki, alifariki akiwa na umri gani, miaka mingapi iliyopita. Ikiwa aliyefariki ni dada wa miaka 12 au zaidi, maswali huongezeka: alikuwa mjamzito? Alifariki wakati wa kujifungua? Au ndani ya miezi miwili baada ya kujifungua? Kutokana na majibu hayo hukokotolewa kiwango cha taifa.

Njia hii ina akili nyingi. Inamfikia mama ambaye hospitali haikumwona, na inatumia kumbukumbu ambayo ndugu hawaisahau. Udhaifu wake ni kwamba kifo cha uzazi, pamoja na uchungu wake wote, ni tukio la nadra kitakwimu. Mwaka 2015-16 walihojiwa wanawake 13,266. Mwaka 2022 walikuwa 15,254. Ndani ya familia za watu wote hao, vifo vya uzazi vinavyopatikana ni vichache, na vikiongezeka au kupungua kidogo tu, kiwango cha taifa kinaruka. Ndiyo maana ripoti ya 2015-16 haikuandika 556 peke yake. Iliandika pia kwamba kiwango halisi kinaweza kuwa popote kati ya 446 na 666. Ya 2010 ilikuwa 454, na uwanda wake ulikuwa 353 hadi 556.

Tazama nyanda hizo mbili: zinaingiliana. Hata hivyo, ripoti ya 2015-16 ilipotoka, wengi walisema vifo vya uzazi vimepanda kutoka 454 hadi 556, watu wakalaumiana. Kitakwimu hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba vimepanda. Hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba vimeshuka pia. Kilichoweza kusemwa kwa uaminifu ni kwamba tangu 2004-05, kiwango kilipokuwa 578, hapakuwa na ushahidi wa mabadiliko makubwa.

Jambo la pili linalosahaulika ni muda. Kwa kuwa vifo ni vichache, utafiti hukusanya vya miaka kadhaa kabla ya mahojiano na kuvifanyia wastani. Kwa hiyo 556 ilikuwa picha ya miaka kadhaa iliyotangulia utafiti, wala haikuwa ya mwaka 2015 wenyewe. Na 104 ni wastani wa takriban 2015 hadi 2022. Anayesema kwamba namba hiyo ni matunda ya m-mama, ule mpango wa usafiri wa dharura unaoitwa kwa simu namba 115, anachanganya nyakati. Mpango huo ulianzia Kanda ya Ziwa, na kuenea kwake nchi nzima kulifuata uzinduzi wa 2022. Unaweza kuwa umeokoa maisha mengi, ila sehemu kubwa ya maisha hayo haimo ndani ya 104. Vilivyomo zaidi ni vituo vya afya vilivyoboreshwa kuanzia 2017 vikapata chumba cha upasuaji, na ongezeko la akina mama wanaojifungulia kwenye vituo: asilimia 47 mwaka 2004-05, 63 mwaka 2015-16, 81 mwaka 2022.

Na 238 je? Wataalamu wa Umoja wa Mataifa hawakwenda kuhoji watu. Walichukua tafiti zote za nchi za miaka mingi, wakazirekebisha kwa makosa yanayojulikana, kama vile vifo ambavyo ndugu hawakujua kuwa marehemu alikuwa mjamzito, kisha wakapitisha mstari mmoja laini katikati. Kikokotoo cha namna hiyo hakiamini haraka mruko mkubwa. Kikikutana na utafiti mmoja unaosema vifo vimeshuka ghafla, hushuka nao kidogo na kusubiri ushahidi mwingine. Hiyo ni tahadhari ya kawaida ya kisayansi, na haina maana kwamba kuna aliyesema uongo.

Mimi naamini mteremko upo na ni mkubwa. Viashiria vinavyotoka kwenye milango tofauti vinaelekea upande mmoja: kujifungulia kituoni, mahudhurio ya kliniki manne au zaidi yaliyopanda kutoka asilimia 51 hadi 65, upasuaji uliosogezwa karibu. Nisichokubali ni kusema kwa uhakika kwamba ni asilimia 81. Huo ni usahihi ambao kipimo chenyewe hakina.

Mama amefika kituoni, kisha?

Ripoti hizohizo zina namba nyingine ambayo haikupewa tuzo, na kwangu ndiyo inayouma zaidi. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilikuwa 147 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 1999. Vikashuka hadi 112, 81, 67, na mwaka 2022 vikafika 43. Ni mafanikio ambayo kizazi cha mama zetu hakikuyaota. Sasa tazama watoto wachanga, wale wanaofariki ndani ya siku 28 za kwanza: 26 mwaka 2010, 25 mwaka 2015-16, 24 mwaka 2022.

Miaka kumi na mbili, namba imesogea kwa mbili tu. Na katika kipindi hichohicho akina mama walioacha kujifungulia nyumbani wakaenda kituoni waliongezeka sana. Walifanya tulichowaomba. Walipanda pikipiki usiku, wakauza kuku wapate nauli, wakafika. Leo zaidi ya nusu ya vifo vyote vya watoto chini ya miaka mitano hutokea katika mwezi wa kwanza, na wengi wa watoto hao walizaliwa mikononi mwa mhudumu.

Kosa letu lilikuwa kupima kufika. Kufika kunahesabika kwa urahisi: mama ameandikwa, tarehe ipo, sahihi ipo. Kilichotokea baada ya hapo hakihesabiki kirahisi. Mapigo ya moyo wa mtoto yalisikilizwa kila nusu saa? Mtoto asiyelia alisaidiwa kupumua ndani ya dakika ya kwanza? Puto na barakoa ya kumpumulia vilikuwepo, tena safi? Mwaka 2015-16 serikali ilipofanya tathmini ya kuvipa nyota vituo vya kutolea huduma, zaidi ya theluthi moja havikupata nyota hata moja. Akina mama walikuwa wakielekezwa huko kwa bidii zote.

Shinikizo la kufikia lengo nalo lina madhara yake. Baadhi ya vijiji vilitunga sheria ndogo za kumtoza faini anayejifungulia nyumbani. Kiashiria kikapanda. Lakini mama maskini aliyeshikwa na uchungu wa haraka akajikuta na deni juu ya mtoto, na wengine wakaogopa kumpeleka mtoto kliniki wasije wakaulizwa alizaliwa wapi. Vivyo hivyo na lengo la kuwaleta akina baba kliniki. Kusudi lilikuwa jema, wapime VVU pamoja. Sehemu nyingine likageuka kuwa kizuizi: mama asiye na mume, au ambaye mume yuko machimboni, anaambiwa akalete kwanza barua ya mwenyekiti wa kijiji. Kwenye ripoti, asilimia ya wenza waliopima inapanda. Yule aliyerudi nyumbani bila huduma haonekani popote, kwa sababu hakuandikwa.

Daftari na namba ya chini

Kati ya utafiti mmoja na mwingine tunategemea MTUHA, mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya. Aliyewahi kukaa zahanati ya kijijini anavijua vile vitabu vikubwa: cha wagonjwa wa nje, cha kliniki ya wajawazito, cha chumba cha kujifungulia, cha watoto. Muuguzi mmoja anachoma sindano, anazalisha, anagawa dawa, na mwisho wa mwezi anakaa na vitabu hivyo kuhesabu vistari na kujaza fomu. Fomu huenda wilayani, huingizwa kwenye mfumo wa kompyuta, na hapo ndipo chati za wizara hutoka.

Watu wakisikia takwimu mbovu hufikiri uongo. Mara nyingi shida ni uchovu, au kitabu kimeisha, au mhudumu yuko likizo. Tena shida kubwa kuliko zote haipo zahanati kabisa. Ipo kwenye namba ya chini, ile tunayogawanyia.

Kiwango cha chanjo ni watoto waliochanjwa gawanya kwa watoto waliopo. Waliochanjwa tunawajua. Waliopo tunakisia, kwa kuchukua sensa ya mwisho na kuongeza kila mwaka kwa asilimia fulani. Sensa ya 2012 ilikuta watu 44,928,923. Ya 2022 ikakuta 61,741,120, ongezeko la zaidi ya theluthi. Katika miaka hiyo kumi kuna kata ambazo machimbo yalifunguliwa zikajaa watu, na nyingine zilizohamwa. Ndiyo maana halmashauri moja huonyesha chanjo asilimia 120 na jirani yake 70, ilhali akina mama wa huku wamevuka tu mto kwenda kliniki iliyo karibu. Mganga Mkuu wa Wilaya yule wa asilimia 70 anaitwa ajieleze. Yule wa 120 anapongezwa, ingawa namba yenyewe inapaza sauti kwamba kuna kasoro.

Asilimia yenyewe pia huficha idadi ya watu. Udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wake, kitaifa ulikuwa asilimia 34 mwaka 2015-16, na 30 mwaka 2022. Ni maendeleo. Lakini watoto wanaozaliwa kila mwaka wameongezeka, kwa hiyo idadi ya watoto waliodumaa, wale wenye majina na mama zao, inaweza kubaki palepale hata asilimia ikishuka. Mtu anayepanga bajeti ya madarasa na ya lishe anahitaji idadi. Anayetaka kujua kama nchi inaelekea pazuri anahitaji asilimia. Ni maswali mawili tofauti.

Iringa ilipimwa vizuri, na bado

Hakuna mahali panaponifikirisha kama Iringa. Mwaka 1983 ulianza huko mradi wa lishe uliofadhiliwa na Italia kupitia UNICEF na WHO, wakishirikiana na serikali na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Ulianzia vijiji 168. Kila miezi mitatu kijiji kilikuwa na siku ya afya, watoto wote wa chini ya miaka mitano wakiletwa kupimwa uzito. Upekee wake ulikuwa hapa: matokeo hayakufungwa kwenye bahasha yakapelekwa mjini. Yalisomwa palepale kijijini. Kamati ilijua watoto wangapi wana hali mbaya, ikauliza kwa nini, ikaamua la kufanya, na baada ya miezi mitatu ikapima tena kuona kama uamuzi ulisaidia. Vijiji vikaanzisha vituo vya kulelea watoto mchana ili wale wakati mama wakiwa shambani. Watu waligundua wenyewe kwamba mtoto hakuwa akikosa unga. Alikuwa akikosa mtu wa kumlisha mara nne au tano kwa siku.

Ndani ya takriban miaka minne, watoto wenye utapiamlo mkali walishuka kutoka kama asilimia 6 hadi chini ya 2. Mradi ule ukawa mfano uliosomwa na wataalamu wa lishe duniani kote.

Sasa fungua ripoti ya 2022. Mkoa unaoongoza kwa udumavu Tanzania ni Iringa, asilimia 57. Unafuatwa na Njombe, ambao zamani ulikuwa sehemu ya Iringa, na Rukwa, yote miwili ikiwa karibu asilimia 50. Hii ni mikoa ya mahindi, viazi, maharage, chai na parachichi, mikoa inayolisha wengine. Isitoshe, Iringa imepanda: 42 mwaka 2015-16, 47 katika utafiti wa lishe wa 2018, kisha 57. Uwanda wa makosa kwa mkoa mmoja ni mpana, lakini vipimo vitatu vinavyopanda mfululizo haviwezi kupuuzwa.

Sehemu ya maelezo iko kwenye mizani yenyewe. Miaka ya themanini walipima uzito kwa umri, na walilenga hasa watoto waliokuwa hatarini kufa. Udumavu ni urefu kwa umri. Mtoto aliyekula ugali wa kutosha na maharage kidogo anaweza kuwa na uzito wa kuridhisha, mashavu yamejaa, huku mifupa yake haikui inavyopaswa kwa kukosa maziwa, mayai, mboga na matunda ya kutosha, na kwa magonjwa ya tumbo ya mara kwa mara. Wanaomwona hawashtuki, maana wenzake wote mtaani wana kimo kilekile. Kipimo cha zamani kilimwokoa na kifo. Hakikuwekwa kumlinda na kudumaa.

Sehemu nyingine ni kwamba kilichopimwa baadaye kilibadilika. Tangu mwisho wa 2017 wakuu wa mikoa wamekuwa wakisaini mikataba ya lishe, na kiashiria kinachofuatiliwa kwa ukali ni halmashauri kutenga na kutumia shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Ni jambo zuri fedha kutengwa. Ila fedha iliyotumika haijibu swali ambalo kamati za vijiji za 1984 zilikuwa zikijibu: mtoto wa nani hajaongezeka tangu tulipokutana mara ya mwisho, na tunafanya nini?

Kuishi na kuishi vizuri

Hadi hapa nimezungumzia vifo na vimo. Maisha ni zaidi ya hayo. Mwanamke aliyenusurika uzazi lakini akapata fistula, mkojo ukamtoka bila kuzuilika, mume akamwacha, majirani wakamkwepa kanisani au msikitini, huyo kwenye hesabu ya vifo vya uzazi ni ushindi. Hakufa.

Kujaribu kuziba pengo hilo, wachumi na matabibu walibuni mwanzoni mwa miaka ya tisini kipimo kinachojumlisha miaka iliyopotea kwa kufa mapema na miaka iliyoishiwa katika maradhi au ulemavu. Miaka ya maradhi hupewa uzito kati ya sifuri na moja, kulingana na ukali wa hali. Nani anaamua kwamba upofu ni mzito kuliko kifafa, au kwamba sonona ni nzito kuliko mguu uliokatwa? Mwanzoni waliamua wataalamu, mezani. Katika toleo lililochapishwa 2012 waliamua kuwauliza watu wa kawaida: Bangladesh, Indonesia, Peru, Marekani, na Tanzania, ambako walikwenda Pemba. Mtu alisomewa habari za watu wawili wenye shida tofauti, akaulizwa: katika hawa, nani mwenye afya zaidi? Majibu ya maelfu yakatoa uzito wa kila hali. Kwa hiyo ndani ya hesabu zinazotumika leo Geneva na Washington kupima mzigo wa maradhi duniani, mna maamuzi ya watu wa Pemba. Linanifurahisha sana jambo hili, na linastahili kujulikana.

Bado kipimo hicho kinauliza habari za afya ya mtu, hakiulizi maisha yake. Ulemavu uleule hauna uzito mmoja kwa anayeishi karibu na lami mwenye kiti cha magurudumu na kwa anayeishi mlimani akibebwa mgongoni. Wengine wakaunda vipimo vipana zaidi, kama kile cha Maendeleo ya Binadamu kilichoanza 1990 chini ya Mahbub ul Haq wa Pakistan, kinachochanganya umri wa kuishi, elimu na kipato. Kinafaa kulinganisha nchi na nchi. Kijijini hakina kazi.

Kuna na vipimo ambavyo vikipanda huonekana vibaya kumbe ni vizuri. Ushamiri wa VVU, yaani asilimia ya watu wanaoishi na virusi, ni mfano. Kila mtu anayeishi kwa sababu ya dawa anaendelea kuhesabiwa miongoni mwa wenye virusi. Akifariki, asilimia inashuka. Utafiti wa 2022-23 ulikuta ushamiri wa asilimia 4.4 kwa watu wazima wa Tanzania, si mbali na ilivyokuwa miaka sita kabla. Ukitazama hapo tu utasema hakuna kilichofanyika. Lakini kati ya watu wazima wenye VVU, waliofubaza virusi walikuwa asilimia 52 mwaka 2016-17, na 78 mwaka 2022-23. Hao ni watu wanaolima, wanaofundisha, wanaolea wajukuu. Ubora wa maisha wa jamii nzima umebadilika nyuma ya namba ambayo haikusogea.

Namba zinaporudi zilikotoka

Mwishoni mwa miaka ya tisini wilaya za Rufiji na Morogoro zilijaribu jambo rahisi kuelezea. Chini ya mradi ulioitwa TEHIP, wa Wizara ya Afya na shirika la IDRC la Kanada, wadadisi walizunguka kaya mara kwa mara kuandika waliozaliwa, waliohama na waliofariki. Kwa kila kifo waliihoji familia dalili zilizotangulia, ili chanzo kikisiwe hata kama marehemu hakufika hospitali. Timu za wilaya zikaonyeshwa kwa michoro mepesi: hivi ndivyo watu wenu wanavyokufa, na hivi ndivyo mnavyotumia fedha. Malaria ilikuwa ikichukua kama asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea, na ilikuwa ikipata asilimia 5 ya bajeti. Hakuna aliyekuwa amekula fedha. Hakuna aliyekuwa amejua. Timu zilipewa nyongeza ndogo na uhuru wa kupanga upya. Wakaweka fedha kwenye vyandarua, dawa, na mafunzo ya kutibu mtoto mgonjwa kwa ujumla wake. Katika miaka kama mitano vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Mantiki hiyohiyo imerudi karibuni kwenye vyumba vya kujifungulia. Mradi ulioongozwa na Hospitali ya Haydom katika vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza uliwapa wakunga vifaa vya kufuatilia mapigo ya moyo wa mtoto na mazoezi mafupi ya mara kwa mara kazini, tena mada ya zoezi ikichaguliwa kutokana na takwimu za wodi yao wenyewe. Matokeo yalichapishwa 2025: vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa takriban asilimia 40. Kumbuka kwamba kitaifa namba ya wachanga ilikuwa imekwama kwa zaidi ya muongo.  Pamoja na vifaa na mazoezi, kilichobadilika ni kwamba walianza kuzitumia namba zao wenyewe, badala ya kuzituma juu na kutozisikia tena.

Hakuna haja ya kusubiri mradi mwingine. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, SALIKI, ipo kwenye mwongozo wa serikali na hutakiwa kufanyika kila robo mwaka. Mkutano mkuu wa kijiji nao ni wa kila miezi mitatu. Mganga mfawidhi akialikwa asimame dakika kumi, bila kutaja jina la mgonjwa yeyote, anaweza kuulizwa: watoto wangapi hawakuletwa kupimwa, na wanatoka vitongoji gani? Katika walioletwa, wangapi hawajaongezeka urefu wala uzito tangu robo iliyopita? Akina mama wangapi walijifungua, wangapi nje ya zahanati, na nini kiliwachelewesha? Mtoto mchanga aliyefariki, ilikuwa saa ngapi, na zamu ilikuwa na wahudumu wangapi? Puto la kumpumulia mtoto lipo, linafanya kazi? Karibu majibu yote yamo tayari kwenye vitabu vya MTUHA vilivyo rafuni mwa zahanati hiyohiyo. Yale ambayo hayamo, hasa kuhusu watoto ambao hawakuletwa, wanayajua wenyeviti wa vitongoji waliokaa mstari wa mbele.